Tafsiri Kumi za Siku za Mwisho Zinazotugombanisha Masasi na Newala

Septemba 2025 simu zilijaa video. Mhubiri wa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, alisema Yesu angekuja kulinyakua kanisa tarehe 23 au 24 mwezi huo, na ndani ya siku chache TikTok ikaisambaza habari hiyo dunia nzima. Tarehe 25 ikafika. Mikorosho ilikuwa palepale, na mabishano pia.

Na huku kwetu mabishano hayo hayahitaji TikTok. Yapo msibani baada ya maziko, yapo kwenye mazoezi ya kwaya, yapo kwenye gari la Masasi kwenda Newala, Mwanglikana kakaa dirishani, Mkatoliki katikati, Msabato nyuma yao, Mlokole kasimama na hajachoka kuhubiri. Jirani Mwislamu naye anachangia, maana habari za kurudi kwa Nabii Isa na za Dajjali anazijua tangu chuoni.

Basi nimezipanga tafsiri kumi, kuanzia dhaifu kabisa hadi ile ninayoiamini kwa moyo wote. Sheria ni mbili. Aya isomwe pamoja na jirani zake wa juu na wa chini. Na tafsiri yoyote inayomfanya mtu aogope kupanda mkorosho mpya inakatwa pointi kabla hatujaanza. Utapinga, najua. Namba nimekuwekea ili ujue pa kuanzia.

10. Alama ya 666 (Ufunuo 13)

Hakuna namba iliyosingiziwa mambo mengi kama hii. Tuliposajili laini za simu kwa alama za vidole, ikatajwa. Chanjo ya korona ilipofika mwaka 2021, ikatajwa tena. Vile vimistari vyeusi kwenye pakiti ya sabuni navyo vimeshtakiwa. Lakini Yohana aliandikia makanisa saba ya Asia Ndogo, watu waliokuwa chini ya Kaisari wa Rumi, na akawaambia mwenye akili aihesabu. Maana yake walikuwa na uwezo wa kuihesabu wakati ule, bila kusubiri simu zivumbuliwe. Wasomi wengi wakiandika jina la Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania wanapata 666. Na nakala chache za kale zina 616, ambayo nayo hupatikana jina hilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini.

Hukumu: mnyama hayumo kwenye laini yako. Kilichomo ni deni la salio ulilokopa jana.

9. Nzige wa shimoni (Ufunuo 9)

Hal Lindsey, Mmarekani aliyeuza vitabu vya unabii kwa mamilioni miaka ya 1970, aliona huenda nzige hawa ni helikopta za kivita. Wahubiri wengi waliipenda, kwa sababu helikopta inahubirika vizuri sana kwenye spika kubwa. Mimi swali langu liko aya ya 4: nzige hawa wameamriwa wasiguse majani wala mti wowote. Mdudu asiyegusa mti! Angekuja Newala tungempigia ngoma. Mbu wa mikorosho hajawahi kupewa amri ya namna hiyo.

Halafu wageni wakisikia Newala kuna Shimo la Mungu, wanauliza kama nzige watatokea pale. Hapana. Pale ni ukingo wa uwanda wa Makonde. Unasimama, ardhi inakatika miguuni pako, na mbele yako ni bonde la Ruvuma mpaka Msumbiji. Kinachopanda kutoka chini ni upepo.

Hukumu: Yohana aliichota picha hii kwa nabii Yoeli, aliyewajua nzige halisi na njaa halisi. Msome Yoeli kwanza, helikopta baadaye.

8. Jua kutiwa giza (Mathayo 24:29)

Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa jua kwa namna ya pete kulipita kusini mwa Tanzania. Watu walimiminika Rujewa, Mbeya, kutazama, na huku Masasi sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Wanaastronomia walikuwa wameijua saa yake miaka mingi kabla. Sasa, Isaya sura ya 13 alitumia maneno hayohayo ya jua na mwezi kuzimika alipotabiri kuanguka kwa Babeli, na siku ya Pentekoste Petro aliyataja ya Yoeli akasema jambo hilo limeanza kutimia.

Hukumu: manabii wakisema jua limezimika, tazama kwanza ni utawala gani unaanguka.

7. Ziwa la moto na kiberiti (Ufunuo 20)

Kiberiti hiki ni salfa, ileile tunayopuliza mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Ukitaka kujua Yohana alitaka wasomaji wake wanuse nini, pita shambani Newala alfajiri wakati wa kupuliza. Mpulizaji ana mashine mgongoni, unga wa njano umemganda kwenye nyusi, macho mekundu, kitambaa kimefungwa puani, na bado anakohoa. Yule ndugu akisikia habari za ziwa zima la kitu hicho, hahitaji mhubiri apandishe sauti.

Kinachonisikitisha ni wahubiri kuruka aya ya 14. Mauti na kuzimu vinatupwa humo. Mauti yenyewe inachomwa! Mama aliyezika mtoto anastahili kuisikia aya hiyo kabla ya kutishiwa na nyingine.

Hukumu: inaogopesha kweli, lakini anayepaswa kuogopa zaidi ni kifo.

6. Mtini unaochipua (Luka 21:29)

Hesabu maarufu ilikuwa hivi: mtini ni Israeli, Israeli iliundwa 1948, kizazi ni miaka 40, basi ni 1988. Edgar Whisenant wa Marekani alitoa kijitabu chenye sababu 88 za unyakuo kuwa mwaka 1988. Mwaka ulipopita akasogeza hadi 1989.

Luka anaiponza hesabu hiyo kwa kauli moja fupi: baada ya mtini anataja na miti mingine yote. Miti yote, ndugu msomaji! Mkorosho umo. Mkulima wa hapa akiona mkorosho umechanua hatangazi tarehe ya mnada. Anajua msimu uko njiani, anachukua jembe, anapalilia chini ya mti ili korosho zikidondoka zionekane. Kazi ya ishara ni hiyo: kukupeleka shambani.

Hukumu: Yesu alitoa mfano wa wakulima, wenye kikokotoo wakauchukua. Tunaudai.

5. Kimbilieni milimani (Mathayo 24:16), na miamba kuangukia watu (Ufunuo 6:16)

Hapa ni Masasi na Newala uso kwa uso.

Masasi ina miamba. Anayeingia mjini anaiona mwenyewe: Mtandi ule pale na kanisa kuu la Kianglikana chini yake, Mkomaindo ule, mawe makubwa yameinuka ghafla kutoka kwenye tambarare. Ufunuo unasema wakuu wa dunia wataiomba miamba iwafunike. Watu wa Masasi hawatakuwa na safari ndefu. Newala ni udongo na mchanga. Ukitaka jiwe la kufunika hata sufuria, utalitafuta. Kwa Ufunuo 6, Masasi inashinda bila jasho.

Lakini kwa Mathayo 24, samahani wana Masasi, Newala imeishi aya hiyo. Katika karne ya 19 watu walipanda uwanda huu na kujificha ndani ya vichaka vyake vizito kuwakwepa wawindaji wa watumwa na wavamizi wa Kingoni. Misheni ya Kianglikana ya UMCA pale Masasi iliposhambuliwa Septemba 1882, kazi yake ilihamia huko juu, Newala, kwa chifu Matola. Kwa hiyo hata kanisa la Masasi lilipobanwa lilikimbilia mlimani. Rekodi ipo.

Kukimbilia juu kulikuwa na gharama yake, nayo ni maji. Kabla ya mradi wa mabomba wa miaka ya 1950, na kwa vijiji vingi hata baada yake, wanawake wa uwanda waliteremka kuta za mlima kutafuta chemchemi na kupanda tena na mtungi kichwani. Sasa soma Mathayo 24:19, pale Yesu anapowahurumia wenye mimba na wanaonyonyesha siku ya kukimbia. Hakuna mjadala wa unyakuo niliousikia uliotulia kwenye aya hiyo. Yesu alitulia. Alijua nani anaumia kwanza mji unapokimbiwa.

Na alikuwa anaongea na watu wa Yudea. Mwaka 70 jeshi la Rumi chini ya Tito liliteketeza Yerusalemu na hekalu, na mwanahistoria Eusebio anaandika kuwa Wakristo wa mji ule walikuwa wamekwisha kuondoka, wakaenda Pella ng'ambo ya Yordani. Walikwenda kwa miguu.

Hukumu: sare. Masasi kwa mawe, Newala kwa miguu. Mnaweza kuanza kulalamika.

4. Vita na habari za vita (Mathayo 24:6)

Ukiwa Newala habari za vita huzisubiri redioni, zinavuka mto. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipita uwanda huu likavuka Ruvuma, Waingereza nyuma yake. Kuanzia 1964 hadi 1974 ilikuwa FRELIMO na Wareno. Oktoba 2017 mashambulizi yakaanza Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Oktoba 2020 yakagusa Kitaya, upande wetu kabisa, mkoani Mtwara. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma.

Kila mara mtu hufungua Mathayo 24 na kusema ndiyo yenyewe. Naomba aendelee hadi mwisho wa aya hiyohiyo, ambapo Yesu anasema tusitishwe, kwa maana ule mwisho bado. Hii ndiyo aya inayosomwa kinyume kuliko zote katika orodha yangu: imetolewa itutulize, sisi tunaitumia kupigia mayowe.

Mama akivuka Ruvuma na mtoto mgongoni, sura ya kufungua ni ya 25, aya ya 35, ile ya mgeni aliyekaribishwa.

Hukumu: geuza ukurasa mmoja tu.

3. Siku ile na saa ile (Mathayo 24:36)

Yesu anasema hakuna aijuaye, hata malaika. Lingekuwa jambo lililofungwa, lakini hapana. Wafuasi wa William Miller, Marekani: 22 Oktoba 1844. Harold Camping, Marekani: 21 Mei 2011, kisha akasogeza hadi 21 Oktoba mwaka huohuo. Mhlakela tumemtaja.

Na msidhani ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya Maji Maji kuanza, barua iliyosemekana kutoka Makka ilisambaa wilaya ya Lindi, ikionya kuwa siku ya mwisho imekaribia na kuwataka watu warudi kwenye ibada. Maofisa wa Kijerumani walihangaika kama watu waliokalia siafu. Mtandao haukuwepo, barua ilinakiliwa kwa mkono, ikapita mkono kwa mkono. Wanaoforwadi ujumbe wa "watumie watu kumi" wana babu zao hapahapa kusini.

Sasa utani nauweka pembeni. Kanungu, Uganda: kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu liliambiwa na viongozi wake, akiwemo Joseph Kibwetere, kuwa dunia ingekwisha mwaka 1999 ukimalizika. Waumini waliuza mali zao. Haikwisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Shakahola, Kilifi, Kenya: tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watoto. Mashtaka yanasema waumini wa Paul Mackenzie waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, yeye ameyakana. Watoto wale hawakujua kusoma Mathayo 24:36. Waliokuwa na wajibu wa kuwasomea walikuwa wazazi na wachungaji.

Ndiyo maana nasema tafsiri ya Biblia si mchezo wa wazee wa kijiweni. Inaweza kumlisha mtoto, inaweza kumnyima chakula.

Hukumu: mwenye tarehe amempinga Yesu mwenyewe, hata akitaja aya mia. Akikwambia uuze shamba, muulize kwanza la kwake ameuza kwa nani.

2. Mmoja atwaliwa, mmoja aachwa (Mathayo 24:40-41)

Hapa ndipo nitapoteza marafiki. Tangu utotoni tumeambiwa anayetwaliwa kaenda mbinguni na anayeachwa amekwisha. Filamu zimechezwa, vitabu vya Left Behind vilivyoanza 1995 vimeuzwa kwa mamilioni, na watoto wamelia kwa kukuta nyumba kimya mama akiwa amekwenda kisimani.

Panda aya tatu tu juu. Siku za Nuhu, gharika ilikuja ikawachukua wote. Ikawachukua akina nani? Waovu. Nuhu alibaki. Kisha nenda Luka 17:37: wanafunzi wanauliza, "Wapi, Bwana?", na jibu la Yesu lina mzoga na tai. Sijawahi kusikia mbingu ikielezwa hivyo. Kwa mpangilio huo, anayetwaliwa kapatwa na hukumu, anayeachwa kapona.

Upande wa pili nao una hoja, na nitaitaja kwa haki: aya ya 31 ina malaika wakiwakusanya wateule, na Nuhu naye alichukuliwa ndani ya safina. Sawa. Lakini mizani yangu inalala upande wa kwanza, na Masasi ndiyo inayoongeza uzito.

Mji huu ulianza 1876 Askofu Edward Steere alipotoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani akawaweka hapa. Steere huyohuyo ndiye aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Waumini wa kwanza wa Masasi walikuwa watu ambao wenyewe waliwahi kutwaliwa: shambani, njiani, pengine kwenye jiwe la kusagia. Steere alifariki Agosti 1882. Mwezi uliofuata Wamagwangwara, wale wavamizi wa Kingoni, wakashuka Masasi, wakachoma, wakachukua watu. Wawili walikuwa shambani, mmoja akachukuliwa, mmoja akabaki anahesabu watoto. Sidhani kama wale waliobaki, wakisomewa aya hii Jumapili, walifikiria mawingu kwanza.

Hukumu: Masasi ilijua uchungu wa kutwaliwa kabla filamu hazijatengenezwa. Kuachwa shambani kwako, na jembe lako na watoto wako, kunaweza kuwa ndiyo rehema.

1. Kumlaki Bwana hewani (1 Wathesalonike 4:13-18)

Hii ndiyo aya ya unyakuo hasa, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote tisa zilizotangulia.

Kwanza, wanaosema unyakuo utakuwa wa siri, watu watoweke kimya na miaka saba ya dhiki ifuate. Aya ya 16 ina mwito, ina sauti ya malaika mkuu, ina parapanda ya Mungu. Siri gani hiyo? Parapanda ikipigwa Masasi Jumamosi ya mnada itasikika hadi Lukuledi, bodaboda zikiwa zinanguruma vilevile. Mafundisho ya kuja mara mbili, kwanza kwa siri na kisha hadharani, yalipata umbo katika miaka ya 1830 kwa John Nelson Darby wa Uingereza, yakasambazwa na Biblia ya Scofield ya 1909, yakatufikia kwa mikutano ya injili. Wazee wetu wa UMCA Masasi na wa Wabenediktini Ndanda walikiri Jumapili zote kuja kumoja, kuwahukumu walio hai na wafu.

Pili, mwelekeo. Paulo anasema tutamlaki. Mgeni mkubwa akija kijijini, hatukai nyumbani kumsubiri. Tunatoka hadi barabarani, akina mama na vigelegele, watoto wanakimbia mbele ya gari na vumbi lote lile, na tukishampokea, tunageuka naye. Hatupandi gari lake kurudi alikotoka! Katika Mathayo 25 wanawali wanatoka kumlaki bwana arusi, kisha wanaingia naye arusini. Katika Matendo 28:15 ndugu wa Rumi wanatoka kumlaki Paulo njiani, kisha wanaingia naye mjini. Ndiyo picha ninayoiona hapa: Bwana anakuja, tunamwendea, anaingia. Anaingia kwetu, kwenye dunia hii aliyoiumba, yenye Ruvuma na Mtandi ndani yake. Wanaotegemea Yohana 14:3 watasema anatupeleka kwake. Karibuni tubishane, hoja yenu ina nguvu, lakini hii yangu siiachi.

Newala hapa wanadai pointi ya ziada, kwamba asubuhi za masika ukungu ukilala bondeni wao tayari wako juu ya mawingu. Imekataliwa.

Tatu, na hili ndilo limeipa namba moja. Paulo anaanza aya ya 13 na waliolala mauti, na anamaliza aya ya 18 kwa kuwaambia wafarijiane. Barua hii iliandikwa kwa wafiwa. Walikuwa wamezika wenzao na wakiogopa kuwa marehemu watakosa siku ile. Paulo anawaambia marehemu ndio watakaotangulia. Imetoka msibani, na msibani ndipo pa kuisomea. Anayeitumia kuwatisha watoto amechukua pole ya wafiwa akaigeuza fimbo.

Na kama kuna waliodhani habari hii ni ruhusa ya kukunja mikono, barua ya pili kwa kanisa lilelile, sura ya 3 aya ya 10, inasema asiyetaka kufanya kazi asile. Wathesalonike waliagizwa wasubiri na kazi mikononi.

Hukumu: namba moja, bila mpinzani wa karibu. Anayesema hapana alete sababu zake, lakini asilete klipu. Alete Biblia yake, afungue sura nzima, aanze kusoma aya kumi kabla ya ile anayoitegemea. Na kama kijijini kwenu kuna mtu ameacha kulima, ameacha dawa au amewazuia watoto kula kwa sababu ya tarehe aliyopewa, usingoje mabishano yaishe: mwendee leo, na umwambie mchungaji, mwenyekiti wa kijiji na polisi.